Naombeni ushauri: Kiingereza cha darasani ninacho, cha wageni kinanipita

BintiZiwa
Habari za jioni wanajamvi. Nipo Mwanza, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja maeneo ya Capripoint. Nimesoma kama wengi wetu: msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, halafu cheti cha hoteli. Kuandika naandika vizuri, barua pepe za wageni nazijibu mwenyewe. Shida inaanza mgeni akifungua mdomo.

Juzi tulikuwa na wazee wawili wa Kiingereza, mtu na mkewe, wametoka Serengeti. Asubuhi walikuwa waende Kisiwa cha Saanane. Mama akaja mapokezi akasema mumewe ni "a bit under the weather", kwa hiyo habari ya kisiwani "we'll play it by ear". Hakuna neno hapo nisilolijua. Weather najua, ear najua, play ndiyo usiseme. Nikiyaunganisha hayaniletei kitu. Nikamwomba arudie, akarudia yaleyale, sauti tu ndiyo ikapanda. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyedaka kwamba mzee haumwi sana ila hajisikii vizuri, na kwamba boti tusiilipie kwanza, wataamua kadiri hali itakavyokuwa.

Nina orodha ya nahau mia tano nimeipakua, kila usiku nakariri. Mpaka leo sijasikia mgeni akisema inanyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa. Naombeni mwongozo: niendelee kukariri, nitafute kozi, au kuna njia nyingine? Muda nilionao ni baada ya zamu, na bando langu ni la kuunga.

Mkazi wa Igoma
Dada pole na kazi. Hiyo ya paka na mbwa ipo vitabuni zaidi kuliko midomoni, Waingereza wenyewe hawaitumii sana siku hizi. Ushauri wangu, weka orodha pembeni kwa sasa uanze na vitenzi vidogo: get, put, take, turn, come, go. Hivyo vikikutana na up, off, out na down ndipo Kiingereza cha kila siku kinapokaa, na sekondari tulivipitia kwa haraka mno.

Chukua "turn down" ukiwa hapohapo kazini kwako. Mgeni akisema "turn down the AC" anataka upunguze. Akisema "they turned down my card" kadi yake imekataliwa. Akiuliza kama mna "turndown service" anauliza kama jioni kuna mhudumu wa kuja kumwandalia kitanda tayari kwa kulala. Hapo ni mdomo mmoja, mambo matatu, na kila moja lina jibu lake. Sasa fanya hivyohivyo na "put". "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, na "can you put us up for one more night?" ni mtu anaomba kulala usiku mmoja zaidi. Ukikaa na kitenzi kimoja wiki nzima utaanza kukisikia kila kona.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Binti yangu, nimefundisha Kiingereza muda mrefu na naomba unisikilize kwa hili moja. Usiichambue nahau neno kwa neno. Mzungu anayejifunza Kiswahili akikutana na piga simu, piga pasi, piga hodi, piga mswaki, akitafuta nani anapigwa hatafika. Wewe hukufundishwa hivyo. Uliyasikia yakiwa mazima, mahali pake, na mtu akiyafanya.

Kwa hiyo tafuta kijidaftari kinachoingia mfukoni. Mgeni akitamka jambo lisilokuelea, andika sentensi nzima kama alivyoitamka, usiandike neno moja. Chini yake andika alikuwa nani, ilikuwa wakati gani, na kilichofuata ni nini. Mfano: "We'll play it by ear. Mama Mwingereza, asubuhi, mumewe hajisikii vizuri, boti haikulipiwa." Tafsiri ya Kiswahili pembeni si lazima. Tukio lenyewe ndilo litakalokukumbusha. Orodha ya mia tano imeandikwa na mtu asiyekijua kituo chako cha kazi. Daftari hilo litakuwa la wageni wako wewe, na wageni wa hoteli moja husema mambo yanayofanana.

DerevaNdabaka
Naongezea la saa maana hili linagusa kazi zetu wote. Mimi napeleka wageni Serengeti kwa lango la Ndabaka, na saa ya kuondoka ndiyo kila kitu. Mwingereza akikwambia "half seven" anamaanisha 7:30, yaani kwetu saa moja na nusu. Mjerumani kwa lugha yake akisema nusu ya saba anamaanisha 6:30, na wapo wanaokuja na mazoea hayo kwenye Kiingereza. Halafu sisi tunahesabu saa zetu kuanzia macheo. Kwa hiyo usikubali "half" yoyote ipite hivihivi. Mrudishie kwa tarakimu: "So seven thirty in the morning, right?" Mwandikie na kwenye karatasi aione.

Na "fortnight" ni wiki mbili. Wamarekani wengi hawalitumii, ila Mwingereza atakuuliza bei ya fortnight kama jambo la kawaida kabisa.

Sangara wa Ilemela
Nipo upande wa mauzo ya nje, minofu ya sangara, kwa hiyo Kiingereza changu ni cha barua na simu za wanunuzi. Hilo la Uingereza na Marekani alilogusa dereva ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mwingereza akiandika "let's table the price issue" anataka bei iletwe mezani ijadiliwe. Mmarekani akiandika sentensi hiyohiyo anataka iwekwe kando kwanza. Hapo mkataba unaweza kuyumba bila mtu kukosea sarufi.

Kwako mapokezi liangalie la ghorofa. Kwa Mwingereza, na kwetu pia, "first floor" ni ghorofa ya kwanza baada ya kupanda ngazi. Kwa Mmarekani ni hapohapo chini mlipo. Mwambie "one floor up" na hakuna atakayepotea. Bili nayo, Mmarekani anaiita "check".

Dada wa Kirumba
Jamani orodha mbona mnaisema hivyo? Mimi sikubaliani. Mtu asiye na maneno ya msingi hata hicho kijidaftari hatajua aandike nini. Ila achague orodha yenye akili. Ipo ile ya Oxford 3000, imekusanya maneno yanayofaa mtu ajue kwanza, na inapatikana bure. Apitie, anayoyajua apige mstari, yaliyobaki ndiyo ya kushughulika nayo.

Kwa masikio, BBC Learning English wana vipindi vifupi vya The English We Speak, kila kipindi msemo mmoja na watu wawili wakiutumia. Pakua kwa intaneti ya hoteli ukiwa mapumziko, sikiliza ukiwa kwenye daladala. Bando haliguswi. Sikiliza kipindi kimoja mara nyingi badala ya kurukaruka.

MamaHoteli
Nimefanya kazi mapokezi Zanzibar kabla ya kurudi Mwanza, na naomba BintiZiwa ashike hili hata akiyaacha mengine. Usimwombe mgeni arudie. Ukisema "repeat, please" atafanya kama alivyofanya yule mama, yaleyale kwa sauti kubwa. Mwambie ulichokielewa, hata kama ni nusu: "Do you mean he's not feeling well?" Ukipatia atasema ndiyo. Usipopatia atakueleza kwa maneno mengine, na hayo mengine ndiyo somo. Hatakuona hujui kitu, atakuona unamjali.

Halafu kuna majibu mafupi yanayoponyoka. Ukimuuliza mgeni "more coffee?" akajibu "I'm good", amekataa, usimmiminie. Mwingereza akikusalimu "you alright?" hakuulizi kama unaumwa, jibu "yes, thanks, you?" yatosha. Akisema chakula ni "not bad" amekisifia. Akisema "cheers" ukimkabidhi ufunguo amekushukuru.

Na upande wetu tuchunge vya kwetu tunavyovipeleka kwao. Sisi tukiondoka tunasema nakuja, basi tunamwambia mgeni "I'm coming" huku tunampa mgongo, anabaki anashangaa. Sema "I'll be right back". Mgeni akijikwaa tunasema "sorry", anatafuta tulimkosea nini. Muulize "are you okay?" moyo wa pole utafika.

BintiZiwa
Asanteni sana wakuu, na Mwalimu shikamoo. Daftari nimelinunua leo. Swali moja limebaki: hizi nahau nizitumie na mimi nikiongea, au niishie kuzielewa tu? Na kuhusu kozi hakuna aliyenijibu.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Marahaba binti yangu. Elewa nyingi, tumia chache. Ukishausikia msemo kutoka kwa wageni mbalimbali, na kila mara kwa jambo lilelile, hapo ni halali yako. "Under the weather" itumie hata kesho, ni ya heshima. Lakini kuna iliyo na ukali ambao orodha haikuonyeshi. "Kick the bucket" ni kufa, na orodha itakuandikia hivyo tu, haitakuambia kwamba huwezi kuitamka mbele ya mfiwa. Kwenye msiba, ugonjwa na pesa, sema Kiingereza cha kawaida kilichonyooka.

Mkazi wa Igoma
Kozi: kabla hujalipa, omba ukae kipindi kimoja bure. Ukikuta mwalimu anajaza ubao kwa "tenses" na wanafunzi wananakili, hiyo umeshaisoma, aga uondoke. Ukikuta wanafunzi wawiliwawili wanaongea, mmoja mgeni mwingine mhudumu, na mwalimu anazunguka akisikiliza, lipa. Uliza pia kama wana kipindi cha jioni, maana zamu zenu zinabadilika na ada hairudi.