Naenda Guangzhou, China, mara ya kwanza kufuata pochi, naombeni ushauri

MamaPochi
Habari zenu wakuu. Nina fremu ndogo ya pochi na viatu vya kike Kariakoo. Miaka 3 nimekuwa naagiza kwa wakala: yeye anatuma picha, mimi natuma hela. Mzigo wa mwisho ulikuja pochi zinabanduka kama maganda ya kitunguu, akaniambia nilichagua mwenyewe. Nimechoka, naenda kwa macho yangu. Viza nimepata, naondoka mwishoni mwa Oktoba, siku 9. Ndege nimepanda ya Mwanza tu. Kichina sijui hata salamu, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mtaji dola 6,000. Nianzie wapi? Shoga yangu anasema nibebe na unga wa sembe.

Mzee wa Sibiemu
Dada, unga mweupe kwenye begi, ukiulizwa uwanja wa ndege utajieleza kwa Kichina gani? Acha.

Shughulika na simu kwanza. Kule WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa intaneti yao, kwa hiyo weka VPN (programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa) ukiwa bado Dar, usingoje ufike. Pakua Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia kule, sajili kwa pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa. WeChat inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishie, tafuta mtu hapo Kariakoo, wamejaa. Malipo yakizidi yuan 200 kwa kadi ya nje wanakata asilimia 3, basi manunuzi makubwa usilipie kwa kadi.

Na hili ndilo lililoniumbua mimi: ukilipa kwa kadi, benki inatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini yako ya Tanzania. Sikuwa nimewasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Nikasimama dukani na kikapu changu, foleni nyuma yangu, ujumbe hauji. Nenda benki uwaambie unasafiri, na laini iwashe kabla hujaondoka.

binti_wa_tandika
Umesema dola 6,000, zote taslimu? Kuingia China na zaidi ya dola 5,000 lazima ujaze fomu ya forodha. Hawakunyang'anyi, ila ukificha wakazikuta ni kesi nyingine.

Kaka Mkubwa GZ
Nimeishi huko miaka 6. Fikia hoteli ya eneo la Xiaobei. Waafrika wapo, chakula cha halali kipo, hutakosa wali na nyama. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa rafiki, ni wewe kwenda kuripoti ndani ya saa 24, na wengi wanajisahau hapo. Omba kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina, dereva wa teksi umuonyeshe hiyo tu.

Pochi ziko Guihuagang, yale majengo ya soko la ngozi la Baiyun. Siku ya kwanza usinunue kitu. Zunguka, piga picha za kadi za maduka, andika bei. Muuzaji atakuandikia bei kwenye kikokotoo, na wewe futa uandike yako, hakuna anayekasirika. Pochi ikunje, ivute zipu mara 10, kwaruza ukingo kwa kucha. Ile inayobanduka utaijua hapohapo.

Dullah Mizigo
Mkuu, na Canton Fair je, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou? Awamu ya 3 inaangukia tarehe zake hizohizo na pochi zimo.

Kaka Mkubwa GZ
Aende siku moja kutembeza macho. Pale ni viwanda, ukitaja vipande 50 wanakutazama tu. Dola 6,000 ni hela ya sokoni.

Dullah Mizigo
Sawa. Basi achukue mkalimani.

binti_wa_tandika
Mkalimani awe wa siku moja, na maduka uchague wewe. Wangu alinipeleka kwa "rafiki zake" tu, kumbe anakula kamisheni kila duka. Siku ya pili nikatumia tafsiri ya simu na kikokotoo, nikanunua vizuri kuliko jana yake.

Mzee wa Sibiemu
Na usiguse pochi za kuigiza zenye nembo za makampuni makubwa hata zikiwa bei ya karanga. Tume ya Ushindani wakizikuta huku, mzigo umekwenda na faini juu. Malipo: tanguliza asilimia 30 hivi. Zinazobaki ulipe ukishahesabu mzigo ghalani kwa wakala wa usafirishaji, sio kabla. Hapo ndipo picha na mzigo huwa vinaachana.

MamaPochi
Jamani asanteni. Ila kadi yangu ni ya kutolea hela kwa mashine tu, nilidhani zote ni Visa!

Mzee wa Sibiemu
Itazame mbele, kama ni Visa au Mastercard itaandikwa. Kama haina, waambie wakupe nyingine, na ijaribu kwenye Alipay ukiwa bado hapohapo kaunta.

MamaPochi
Haina. Kesho asubuhi niko benki. Na shoga nimemwambia unga tutausonga nikirudi.