Naomba ushauri: gego la mama, na bima isiyogusa meno

Wakuu, habari zenu. Nipo Houston, Marekani, naishi na mama, miaka 68. Gego lake limeoza, wiki ya pili sasa anakunywa uji tu. Tulikimbilia hospitali, idara ya dharura. Wakampa antibayotiki na dawa ya maumivu, wakasema tutafute daktari wa meno. Uvimbe umepungua, jino lipo palepale.

Ana Medicare, bima ya serikali kwa wazee, nikadhani tumemaliza. Kumbe Medicare ya kawaida hailipii kuziba meno wala kung'oa. Medicaid nayo, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, meno ya watu wazima kila jimbo linajiamulia. Wanangu wanatibiwa meno kwa Medicaid hiyohiyo, maana kwa watoto ni lazima kisheria. Bibi yao ndiye kabaki na karafuu.

Kliniki moja nilipiga simu, wakasikia lafudhi yangu, wakasema hawapokei wagonjwa wapya. Kesho yake rafiki yangu Mzungu akapiga, akapewa nafasi ya Alhamisi. (Labda nafasi ilipatikana usiku, nani ajuaye.)

Nasikia kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, na vyuo ambako wanafunzi wa udaktari wa meno wanatibu kwa bei nafuu wakisimamiwa. Aliyepita huko, foleni ikoje? Wanataka karatasi gani? Mkalimani wa Kiswahili naweza kumdai bure? Mama anasema ling'olewe tu yaishe, ila upande huo amebakiwa na magego mawili.