Naomba ushauri: majibu ya CT scan ya mama baada ya mionzi yanatuchanganya

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Mama yangu, miaka 58, yuko Masasi. Alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kwa mionzi ya nje, ya ndani na dripu za dawa. Alimaliza mwezi wa tano mwishoni. Damu imekata, anakula, juzi nimemkuta uani anapepeta choroko wala hana habari.

Shida ni CT scan aliyopiga Julai hapa Mtwara mjini. Ripoti inasema mlango wa kizazi umenenepa kidogo, halafu kuna tezi kwenye nyonga ya kushoto, milimita 11. Chini wameandika inaweza kuwa athari za mionzi au mabaki ya ugonjwa, ilinganishwe na picha za zamani. Sasa hizo za zamani ziko kwenye CD, na aliyesoma hakuwa nazo. Daktari mmoja kasema tusubiri, mwingine anataka akatwe haraka kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Nesi ninayemwamini anasema uvimbe wa mionzi huchukua hata miezi mitatu kutulia, na sehemu iliyopigwa mionzi ikikatwa hupona kwa taabu.

Waliopitia hili, mlirudia kipimo baada ya muda gani, na kilikuwa CT au MRI?

Pia, CD zote mbili zinaweza kupelekwa Dar zikasomwa pamoja bila mgonjwa kwenda? Basi ni la kutwa nzima, na akikaa sana nyonga zinamuuma.