Dereva wa matatu: ni tabia yake, au ni hesabu ya tajiri?

Mwanzisha mada, Tudor

Kila gari likipinduka njia ya Mombasa kwenda Mtwapa twasikia yale yale: dereva hana adabu, makanga ni mvuta bangi, vijana wa siku hizi hawakulelewa. Naleta swali hapa. Hawa wataalamu wa jamii, ambao kazi yao ni kuchunguza kwa nini watu hufanya wanayoyafanya, wangetuambia nini? Wenyewe hawaelewani. Émile Durkheim, Mfaransa, aliandika mwaka 1897 kuhusu kujiua, akaonyesha kwamba hata kitendo ambacho mtu hukifanya peke yake kina kiwango chake katika kila nchi, na kiwango hicho hakiyumbi sana mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo, alisema, sababu itafutwe kwenye jamii, si kifuani mwa mtu. Gary Becker, mchumi wa Marekani, mwaka 1968 akaja na lake: mvunja sheria ni mtu kama mimi na wewe, anapiga hesabu. Nitapata nini, nitashikwa au sitashikwa, nikishikwa nitatoa ngapi.

Mimi naegemea kwenye hesabu. Matatu nyingi hapa mjini dereva na makanga hawana mshahara. Asubuhi wanachukua gari, jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku kamili. Mafuta juu yao, askari juu yao, kinachobaki ndicho ugali. Ukimwambia mtu huyo aende pole pole umemwambia akalale njaa. Haya, nipingeni.

Mama wa Kisauni

Mwanangu, hayo ya Wafaransa siyajui, lakini nina mtoto wa dada yangu ni dereva mwaka wa ngapi sijui huu. Tajiri ni huyo huyo, hesabu ni hiyo hiyo, na hajapata kumgusa mtu. Mwenzake wanayepokezana gari moja kila siku yuko kituo cha polisi. Hapo utaniambia ni jamii? Muuza mahamri naye ana njaa, mbona hasukumi watu mtaroni? Na nyinyi mlikuwa wadogo, lakini mimi nawakumbuka madereva Februari 2004 zilipoanza zile kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Walinyooka kama wanafunzi wa madrasa! Kumbe wakitaka waweza.

Aliyekuwa makanga, Bamburi

Shikamoo mama. Nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho. Dereva wangu alikuwa na kazi mbili. Alfajiri abeba watoto wa shule, kwa mshahara wa mwezi. Pale Bombolulu yuwasimama kabisa, azima injini, amngoje mtoto afunge kamba za kiatu. Watoto wakishashuka yuwaingia kwenye matatu. Bombolulu hapo hapo apanda kando kwenye mchanga, aupite msururu wote, mimi nimening'inia mlangoni mguu mmoja hewani. Akifika stejini na kuona upande wa kurudi mjini ndio wenye watu, awashusha abiria wa Mtwapa njiani na kugeuza. Mtu mmoja, barabara moja, siku moja. Sasa hiyo tabia yake niiweke kwenye gari gani?

Mwanafunzi wa sosholojia

Kaka, wewe umefanya utafiti bila kujua. Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1977: tukimtazama mtu mwingine twaona tabia yake, hali aliyomo hatuioni. Sisi wenyewe tukikosa, ndipo twakumbuka hali.

Lakini mama naye hajakosea, na mwanzisha mada asishangilie mapema. Raymond Fisman na Edward Miguel waliwachunguza wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa jijini New York. Hadi 2002 walikuwa wakiandikiwa faini za kuegesha magari vibaya na wasilipe, kinga ya kibalozi yawalinda. Hali moja kwa wote. Hata hivyo waliotoka nchi zenye ufisadi mwingi walirundika faini, na wa Uswidi na Norwei hawakuwa na hata moja. Hapo mtu na malezi yake. Kisha jiji likapata nguvu ya kuwanyang'anya namba za magari, na makosa yakashuka kwa asilimia 98 hivi. Hapo Becker.

Na Becker naye asivimbe kichwa. Huko Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto viliwawekea faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto wao. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo mwaka 2000: waliochelewa waliongezeka. Zamani mzazi alimwonea haya mwalimu, sasa amelipia. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Wenye kutoa kitu kidogo barabarani mwaijua hiyo. Dereva akishatoa, amenunua ruhusa ya safari nzima.

Mwenye gari, Changamwe

Mwaniita tajiri, na gari ni la mkopo. Mshahara nimewahi kulipa. Mwendo ulipungua, sikatai. Lakini pato nalo lilipungua, na gari likaanza kuharibika kila Ijumaa mchana. Mimi siko ndani ya gari, sijui lilibeba wangapi. Hesabu ya siku ndiyo njia pekee ya mtu asiyeona.

Mwanafunzi wa sosholojia

Mzee wangu, kuna waliojaribu kumpa macho abiria. James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya, vyenye maneno ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari. Matokeo yalitoka 2011: madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Walirudia kwa magari mengi zaidi, 2015 wakaripoti upungufu wa robo hadi theluthi. Mshahara haukuguswa, faini haikuguswa.

Mama wa Kisauni

Safari ndefu, sawa, watu wameshazoeana. Mimi juzi nilisema "dereva, punguza". Makanga hakujibu kitu. Aliyenijibu ni kijana aliyekaa nyuma yangu: "Mama, sisi tuna haraka."

Mwenye gari, Changamwe

Na huyo mwenye haraka ndiye anayeliacha gari langu lililosimama stejini akakimbilia lile lenye muziki. Hamkumtia kwenye hesabu zenu, si Mfaransa wala Mmarekani. Basi, nitalijaribu tena gari moja kwa mshahara. Nani atanihesabia abiria?

Aliyekuwa makanga, Bamburi

Mimi nipo, mzee. Lakini tuandikiane kwanza.