Mnaouza "kilo 5 kwa siku 7 bila jasho", njooni hapa mtueleze hizo kilo ni za nini

Wakuu, jukwaa limegeuzwa gulio. Ukifungua tu: chai ya kukata kitambi, vidonge vya kuyeyusha nyama uzembe, mkanda wa kubana tumbo. Na zile picha mbili za mtu yuleyule, moja kaachia tumbo, nyingine kavuta pumzi na kasimama upande. Leo tupige hesabu hadharani, mwenye bidhaa aje ajibu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kilo tano ni 38,500. Gawa kwa siku saba unapata 5,500 kwa siku. Watu wazima wengi wasiofanya kazi za nguvu hutumia kama 1,800 hadi 2,500 kwa siku nzima, usingizi ukiwemo. Kwa hiyo hata mtu akikaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni, hafikii nusu ya ahadi yenu. Sasa kilo zilizopungua kwenye mizani zimetoka wapi?

Ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Mkimwachisha mtu wanga ghafla, akiba inaisha ndani ya siku chache, maji yanatoka na mkojo, mizani inashuka kilo moja na nusu mpaka mbili. Ongeza chumvi iliyopunguzwa na utumbo uliobaki mtupu, namba inazidi kupendeza. Akirudi kwenye sahani yake ya kawaida, maji nayo yanarudi, anajiona hana nidhamu, nanyi mnamuuzia pakiti ya pili. Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Hizo chai sasa. Geuza pakiti usome viambato. Ukikuta sena (majani ya mmea unaolegeza tumbo), jua umeuziwa dawa ya kukufanya uharishe. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa kule juu kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza chooni ni maji na madini, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Mwenye dawa za moyo au za kukojoza asiiguse kabisa.

Pakiti isiyo na viambato ndiyo mbaya zaidi. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, lakini mamlaka za dawa zimeendelea kuikamata imefichwa kwenye vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. "Asilia kabisa" halafu usiku mtu hapati usingizi, mdomo mkavu, moyo unakwenda mbio. Mnajibu "dawa inafanya kazi". Aibu!

Mkanda, na nailoni ya kujifunga tumboni ili utoke jasho, sina haja ya kuvipigia kelele. Lita moja ya jasho ni kilo moja, ukinywa maji inarudi. Tumbo halichomi mafuta yake lenyewe kwa kubanwa, wala kwa kukunja mgongo mara mia.

Kinachokera kupita vyote ni kwamba njia isiyo na kazi kubwa IPO, ila haiwekwi kwenye pakiti, ndiyo maana hamuitaji. Anzeni na vinywaji. Soda ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, karibu kalori 140, na tumbo halikuhesabii kuwa umekula. Juisi ya matunda, hata ile halisi, haipishani sana na soda kwa sukari. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kikombe, amekula gramu 48, yaani kalori 190 hivi. Msimwambie aache siku moja, atarudia kesho. Ashuke kijiko kimoja, akae nacho wiki mbili, ulimi uzoee, ashuke tena.

Mafuta ya kupikia ndipo wengi wanapopigwa bila kujua. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na anayemimina kwa jicho moja kwa moja kutoka kwenye chupa anatia vijiko vinane huku akiapa ni vitatu. Chungu cha watu wanne chenye vijiko vinane kinampa kila mmoja kalori 240 za mafuta matupu. Pima vijiko vitatu, inakuwa 90. Umeokoa 150, na sahani ni ileile kwa macho. Vitunguu vikianza kushika chini, tia maji kidogo, usiongeze mafuta.

Jumlisha hiyo 150 na sukari ya chai 190: 340 kwa siku. Kwenye karatasi ni kilo moja kila siku 23. Kwa vitendo ni polepole kidogo, maana mwili ukipungua na matumizi yake yanapungua. Hakuna tangazo litakaloandika hivyo, lakini hayo ni mafuta kweli.

Kila mlo uwe na protini, gramu 20 hadi 30. Yai moja kubwa lina kama gramu 6, kwa hiyo yai moja peke yake halitoshi. Protini inashibisha na inalinda misuli. Anayepungua kwa njaa tupu anapoteza misuli pia, na akipungua haraka sana anakaribisha mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Mizani: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, nguo zilezile. Uzito kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa siku ni kawaida, na wanawake huongeza maji karibu na hedhi. Chukua wastani wa siku saba, linganisha na wastani wa wiki iliyotangulia. Kiuno pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi.

Nanyi wa "bila jasho hakuna matokeo", punguzeni makelele. Kutembea nusu saa kwa mtu wa kilo 70 ni kalori 100 hadi 150, soda moja inafuta. Tembeeni kwa ajili ya moyo na sukari, lakini msimtukane mtu kuwa mvivu wakati tatizo liko kwenye glasi yake.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate chakula kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Mjamzito vilevile asubiri.

Wauzaji, nawasubiri. Sitaki picha wala shuhuda. Taja kila kiambato, miligramu ngapi kwa dozi, namba ya usajili wa dawa, na kiuno cha mteja wako miezi sita baada ya pakiti kuisha.