Dhamira ya kikundi chetu ina maneno 64, fomu inataka 20. Nisaidieni kukata

KatibuMuheza:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi kimoja hapa Muheza, mkoani Tanga. Tumesajiliwa kama NGO ngazi ya wilaya, tuko tisa, na ofisi ni chumba cha nyuma kwenye duka la madaftari la mweka hazina wetu. Kazi yetu ni moja tu: watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani, wengine huita mguu kifundo. Kutibu ni kazi ya hospitali. Sisi tunatafuta nauli, tunampigia mama simu siku moja kabla ya kliniki, na akiacha kuja tunamfuata hukohuko kwake, hata kama ni juu milimani Amani na mvua inanyesha.

Kuna mfadhili ametoa fomu, na sehemu ya dhamira haipokei zaidi ya maneno 20. Yetu hii hapa, iko mpaka kwenye bango la mlangoni:

"Kuwa taasisi kinara katika kuwezesha, kuhamasisha na kujengea uwezo jamii, hususan makundi maalum wakiwemo watoto wenye ulemavu, akina mama na vijana, kupitia utoaji wa elimu, ushauri nasaha, uraghibishi na ushirikishwaji wa wadau mbalimbali, ili kuleta maendeleo endelevu na ustawi wa jamii jumuishi yenye kuzingatia usawa wa kijinsia, utawala bora na utunzaji wa mazingira katika Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga na Tanzania kwa ujumla."

Siku ya tatu hii nakata. Nikitoa "vijana", mwenyekiti anauliza vijana wamekosa nini. Nikitoa "mazingira", anasema wafadhili wanapenda mazingira. Kwa taarifa yenu, tangu tuanze tumepanda mti mmoja, mchungwa, na mbuzi wa jirani aliumaliza. Nifanyeje?

mzee_wa_bajeti:

Pole katibu. Nimelisoma hilo bango mara mbili, miguu ya watoto sijaiona. Aya yako ya kwanza nimeielewa vizuri kabisa, nauli, simu, Amani na mvua. Halafu ukaleta utawala bora nikapotea.

DadaWaMiradi:

Nimewahi kukaa kwenye kamati za kupitia maombi ya ruzuku, na dada yangu nakwambia, mabango ya namna hii tulikuwa tunayasoma arobaini kwa siku. Ukifuta jina la wilaya huwezi kujua lipi la nani. Ukishapita ukurasa wa kwanza unaanza kutafuta neno lolote linaloshikika.

Kevin Starr wa Mulago Foundation, wafadhili fulani wa Marekani, aliandika mwaka 2012 kwamba wao wanaomba dhamira isiyozidi maneno manane: kitenzi, walengwa, na matokeo yanayoweza kupimwa. Basi. Kwetu kanuni hiyo ni nafuu zaidi, maana kitenzi cha Kiswahili ni kama daladala, kinabeba wote: "tunawatafutia" ni neno moja na ndani yake yumo mtendaji, wakati na mtendewa.

Ila chagua kitenzi cha kuonekana. "Kuwezesha" na "kujengea uwezo", mwisho wa mwaka utahesabu nini? Mtoto aliyewezeshwa anafananaje? Jaribu hii:

"Tunawasindikiza watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda hadi watembee."

Manane kamili.

KatibuMuheza:

Dada asante, "tunawasindikiza" nimeipenda mno. Lakini "hadi watembee" itatuletea balaa, na acha nieleze kwa nini, maana ndiyo kazi yetu nzima.

Mtoto akiwahishwa, anafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia kwenye paja hadi kwenye vidole, linabadilishwa kila wiki, mara nyingi kama mara tano au sita hivi. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha hogo la mwisho wiki tatu. Mguu umenyooka, mama anafurahi, picha zinapigwa. Hapo ndipo vinaanza viatu, vile vyenye chuma katikati. Miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, vinavuliwa saa ya kuoga tu. Baada ya hapo ni usiku na wakati wa kulala, mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Hii ndiyo inaitwa njia ya Ponseti.

Sasa mtoto anaanza kutembea na mwaka mmoja na kitu, viatu vya usiku bado vina miaka mitatu mbele. Mama akiona anatembea, anaona kazi imekwisha. Mwaka juzi nilimfuata mmoja aliyekuwa amepotea kliniki miezi saba. Nikavikuta viatu juu ya kabati, vimefungwa vizuri kwenye kitenge ili vije vimfae mdogo wake. Mtoto alikuwa anakimbiza kuku uani, anakanyagia ubavu wa unyayo. Mguu ulikuwa umerudi. Tukaanza tena na hogo la kwanza.

Kwa hiyo nikiandika "hadi watembee" nitakuwa nasema kosa lilelile tunalohangaika kulitoa kwa akina mama.

PwaniKwetu:

Shikamoo katibu, nakuandikia kutoka Mombasa. Jibu unalo tayari. Akina mama wenyewe wanasemaje mtoto akimaliza?

Na jambo jingine dogo. "Kuwa taasisi kinara" si dhamira hata kidogo. Huku Kenya tungeita ruwaza, nyinyi mnaita dira, yaani mnakotaka kufika. Dhamira ni kile mnachokifanya Jumatatu asubuhi. Kuna wanaoandika "dhima", sina ugomvi nao, mradi msianze kikao kizima kuhusu hilo.

KatibuMuheza:

Marahaba mwanangu. Wanasema "amemaliza viatu". Wanasema hivyohivyo, "wangu kamaliza viatu."

PwaniKwetu:

Basi hiyo ndiyo dhamira.

mwanasheria_asiye_na_suti:

Kabla hamjafika mbali: katibu, usichanganye hii na malengo yaliyomo kwenye katiba mliyompelekea Msajili. Yale yanakaa palepale, na yanaweza kuwa marefu na mapana, hata vijana na mazingira wakakaa humo kwa amani. Kuyabadilisha kuna utaratibu wake, mkutano mkuu na taarifa kwa Msajili. Sentensi ya fomu na bango ni kitu kingine. Ila hakikisha haitoki nje ya malengo hayo. Mwenyekiti mwambie hivyo, atapoa.

KatibuMuheza:

Wakuu, narudi na mrejesho. Tulikaa jana jioni. Hoja ya katiba ilimpoza mwenyekiti kweli, Mungu akubariki mwanasheria. Niliwapa kila mtu kikaratasi waandike bila kuangaliana tunafanya nini. Karatasi tisa, hakuna hata moja iliyotaja utawala bora. Sita zimetaja nauli. Moja imeandika "kubembeleza wamama", na ni ya mwenyekiti mwenyewe.

"Muheza" tumeitoa, kwa sababu tuna mtoto mmoja wa Korogwe na hatuna mpango wa kumrudisha. Imebaki hivi:

"Tunawasindikiza watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, kuanzia hogo la kwanza hadi wamalize viatu."

Maneno kumi na matatu. Mfadhili asipoelewa viatu gani, sehemu inayofuata ya fomu ina maneno 300 ya kueleza, na humo saa 23 zitaingia.

Aliyebaki kupinga ni mweka hazina, mzee wa watu. Anasema kusindikiza ni kwa bibi harusi na maiti, mtoto anapelekwa. Tumembishia hadi adhana ya magharibi. Mke wake, aliyekuwa anatuletea chai, akamuuliza: mgeni akiaga ukamsindikiza, si unatembea naye? Akanyamaza, lakini kwenye muhtasari ameomba iandikwe kwamba hakuridhika. Nimeandika.

Bango jipya linachorwa Ijumaa. Fundi alikuwa ametoza kwa herufi, akaniuliza mama mbona safari hii fupi, nimuongezee mazingira?