Ushauri: kiapo cha kuomba kuongezewa muda, rufaa iliondolewa na mteja alikuwa anaumwa

Wakili Kinda

Wasomi habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Nina mteja, mzee wa Sengerema, kesi ya ardhi. Alishindwa Mahakama Kuu, wakili wake wa wakati ule akapeleka notisi ya rufaa (taarifa ya nia ya kukata rufaa) ndani ya muda, rufaa ikasajiliwa, ikakaa miaka. Siku ya kusikilizwa ikaonekana hati ya Msajili ya kuondoa siku za kusubiri nakala za mwenendo ina tarehe zisizolingana. Rufaa ikaondolewa, notisi nayo ikaenda na maji.

Tunaanza upya, maana siku 30 za kuleta notisi chini ya kanuni ya 83 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania zilikwisha zamani. Tatizo ni kwamba kati ya amri ya kuondolewa na siku mzee alipoingia ofisini kwetu kuna kama wiki tano. Alikuwa kalazwa. Kijana wake ndiye aliyehangaika kutafuta nakala ya amri na kulidai faili kwa wakili wa zamani, na kila akienda karani anamwambia lipo kwa bosi.

Nimeandika kiapo, yaani maelezo ya maandishi ya kuapa ya kuunga mkono maombi ya muda, cha aya 27. Bosi kakisoma, kasema hii ni risala ya msiba, nikaandike upya. Nikiyatoa maelezo yote, nitahesabuje siku? Nani aape, mzee, kijana au mimi? Na kuna ubaya nikiandika kwa Kiswahili, ilhali hukumu yenyewe ni ya Kiingereza?

Mzee wa Chemba

Marahaba. Bosi wako yuko sahihi, ila ungemwomba akueleze sababu.

Maombi ya muda wa kuleta notisi yanaanzia Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani nayo ina mamlaka hayo, lakini kanuni ya 47 inakutaka uanzie chini. Ukikataliwa, una siku 14 za kwenda kujaribu tena juu kwa kanuni ya 45A. Andika hilo ukutani, vijana wengi huzipoteza siku hizo.

Miaka yote rufaa ilipokuwa mahakamani isikusumbue. Tangu kesi ya Fortunatus Masha dhidi ya William Shija [1997] TLR 154, ucheleweshaji wa kitaalamu, yaani wa mtu aliyekuja kwa wakati akatolewa kwa kasoro, hauchukuliwi sawa na wa mtu aliyelala. Aya mbili zinatosha: notisi ya kwanza ilipokelewa lini, rufaa iliondolewa lini. Ambatisha notisi yenye muhuri na amri.

Nguvu zote peleka kwenye hizo wiki tano. Kesi ya Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010) inataka muda wote wa kuchelewa uelezwe, na ya Bushiri Hassan inasema hata siku moja lazima itolewe hesabu. Kwa hiyo chora jedwali kwenye karatasi ya pembeni: tarehe, nini kilifanyika, nani alifanya, ushahidi upi. Penye tundu, mpigie kijana simu umuulize alikuwa wapi. Jedwali likikamilika ndipo uandike kiapo, na hakitazidi aya 12. Hesabu pia siku zako wewe za kuandaa maombi. Wengi wanaeleza vizuri ugonjwa wa mteja, halafu wanasahau siku tisa ambazo karatasi zilikuwa mezani kwao.

Nyasa

Mkuu kamaliza suala la siku. Mimi nigusie nani aape, maana hapo ndipo pingamizi litakapotokea.

Kiapo kinachomtaja mtu mwingine ni uvumi mpaka huyo mtu naye aape. Mzee akisema "mwanangu alikwenda kufuata amri", kijana asipoapa, aya hiyo haina kitu. Viwe viapo viwili: mzee aseme ya kuumwa kwake na aambatishe karatasi ya hospitali inayoonyesha siku ya kulazwa na ya kuruhusiwa, kijana aseme ya mizunguko yake.

Yule karani hataapa dhidi ya bosi wake, usipoteze muda. Kijana asieleze karani alisema nini, aeleze alichofanya yeye: tarehe fulani nilifika ofisini hapo, nikaomba faili, nikaondoka bila faili. Hayo anayajua mwenyewe. Kama alituma ujumbe wa simu kuulizia, uchapishe.

Wewe unaweza kuapa, lakini kwa unayoyajua binafsi tu, yaani kuanzia siku ulipopokea maelekezo. Kesi ya Lalago Cotton Ginnery dhidi ya LART ilishalisema hilo. Usijaribu kuapa ya wodini.

Kibarua wa Sheria

Kwa nini mnajitesa na jedwali? Weka hoja ya uharamu, yaani kwamba hukumu ya Mahakama Kuu imekiuka sheria, kesi ya Valambhia inatosha. Uharamu ukiwepo, muda unatolewa hata kama hukueleza siku.

Mzee wa Chemba

Kibarua, hiyo ndiyo dawa ya kila anayechelewa, na majaji wameizoea. Lyamuya hiyohiyo inataka uharamu uonekane wazi kwenye kumbukumbu, kama suala la mamlaka, sio mpaka ubishane kwa saa nzima ndipo uonekane. Kinda, kama jaji hakuwa na mamlaka, au mtu alihukumiwa bila kusikilizwa, iweke. Kama unachokiita uharamu ni kwamba jaji hakuwaamini mashahidi wako, hiyo ni sababu ya rufaa, iache huko.

Masjala

Nimepokea karatasi zenu dirishani miaka mingi kabla ya mambo ya mtandao, kwa hiyo nivumilieni.

Sehemu ya kuapishwa, chini kabisa: mahali, tarehe na jina la kamishna wa viapo. Mnapiga chapa kila kitu halafu mnaacha nukta za tarehe zijazwe kwa kalamu, na hazijazwi. Kamishna asiwe wakili anayemwakilisha huyohuyo mteja, sheria inakataza. Jina la aliyeandaa hati nalo liwepo.

Kiswahili andika tu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Mzee asiyejua Kiingereza akiapa kwa Kiingereza, lazima ionekane alisomewa na kutafsiriwa, la sivyo umempa mwenzako hoja ya bure.

Namba za vifungu zihakiki kwenye Toleo la Marejeo la 2023 la sheria za Tanzania, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Ukinakili kutoka maombi ya zamani ya ofisini utanukuu kifungu kilichohama.

Ukishapandisha hati kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama, lipa siku hiyohiyo. Mahakama Kuu ina maamuzi yanayogongana kuhusu kama hati huhesabiwa imewasilishwa ilipopandishwa au ilipolipiwa. Usiwe wewe wa kulitatua hilo kwa faili la mzee wa watu.

Wakili Kinda

Asanteni sana wakubwa. Jedwali nimechora, kuna tundu la siku nne, kijana anasema alikuwa kwenye mazishi ya shangazi. Nimebakiza aya 11. Aya ya 9 ya mzee inasomeka hivi: "Kwamba sababu nilizozieleza ni za kutosha kisheria, na naiomba Mahakama hii Tukufu inihurumie."

Nyasa

Itoe yote. Nusu ya kwanza ni hoja ya kisheria, ya pili ni ombi, na tangu kesi ya Matovu [1966] EA 514 vyote viwili havina nafasi kwenye kiapo. Ombi liweke kwenye hati ya maombi, hoja utazisema ukisimama.

Mazishi yaeleze kijana mwenyewe: marehemu ni nani kwake, yalifanyika wapi, aliondoka lini, alirudi lini. Kama kuna kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kijiji, aifuate kesho asubuhi, usisubiri wiki ijayo. Siku hizo nazo utaulizwa.